Mwaka wa Kwanza Mlimani

Urafiki unaoanza katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu hudhaniwa kuwa zao la bahati, lakini historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi hukiita Mlimani, inaonyesha kwamba ulitegemea sana nani alipewa nafasi, alipitia wapi kabla ya kufika, na alilala kitanda gani. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Katika darasa la namna hiyo hakuna aliyeweza kuchagua marafiki, kwa kuwa wenzake wote aliwajua kwa majina tangu juma la kwanza.

Mwaka 1963 chuo kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kwa mpango huo fani zilizohitaji gharama kubwa ziligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mgawanyo huo uliokusudiwa kuokoa fedha ulizaa jambo kubwa zaidi ya fedha, maana Mkenya au Mganda aliyetaka kuwa mwanasheria alilazimika kuja Dar es Salaam na kuanza maisha upya miongoni mwa Watanganyika, na kuanzia mwaka 1964 alianza maisha hayo juu ya kilima kilichokuwa mbali na mji.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sheria iliyowataka wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, kwa malipo pungufu. Rais Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi waliruhusiwa kurejea baadaye, lakini kilima walichokirudia hakikuwa kile walichokiacha. Miongoni mwa walioanza masomo mwaka 1967 walikuwamo Yoweri Museveni kutoka Uganda, Issa Shivji aliyesomea sheria, na Euphrase Kezilahabi aliyetoka Ukerewe. Mwaka huohuo kiliundwa chama cha wanafunzi wa kimapinduzi wa Afrika kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, na Museveni akawa mwenyekiti wake. Wanachama walikutana Jumapili kusoma na kujadili itikadi, baadhi yao walisafiri kwenda Msumbiji kujionea maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, na kuanzia mwaka 1969 walitoa jarida la Cheche, hadi chama na jarida vilipopigwa marufuku mwaka 1970. Humo ndimo Museveni alimofahamiana na John Garang wa Sudan, na urafiki huo ulikuja kuwa na uzito katika siasa za nchi zao mbili.

Kezilahabi naye alichapisha riwaya ya Kichwamaji mwaka 1974, ambayo msimulizi wake, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Riwaya hiyo, pamoja na ukubwa wake, inatazama zaidi nyumbani kuliko bwenini, na ni hasara kwa msomaji anayetaka kujua vijana wa kizazi kile walizoeana vipi.

Mwaka huohuo wa 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba anayetaka kuingia chuo kikuu afanye kazi kwanza kwa miaka isiyopungua miwili na apate pendekezo la mwajiri na la TANU. Kwa hiyo mwanafunzi mpya, ambaye kwa lugha ya vyuoni huitwa fresha, aliweza kuwa mwalimu au karani mwenye watoto, aliyekwisha kupitia ukuruta katika kambi ya JKT kama Ruvu au Mafinga. Watu wa umri huo hawakuhitaji kufundishwa kuishi na wageni, na bila shaka wengi walikutana Mlimani na wenzao waliowahi kuchimba nao mitaro.

Ulazima wa JKT ulisitishwa mwaka 1994, na wanafunzi wakaongezeka kuliko vitanda. Ndipo ilipozoeleka desturi ya kubebana, yaani mwenye kitanda kumpokea mwenzake asiye nacho ili walale pamoja, jambo lililokatazwa na kanuni za mabweni lakini lililowafungamanisha vijana kuliko semina yoyote, kwa kuwa aliyebebwa alitegemea usiri wa chumba kizima. Mabweni yaliyofunguliwa mwaka 2017, yenye nafasi 3,840, yalipunguza shida hiyo bila kuimaliza, na wengi bado hupanga Msewe, Changanyikeni au Sinza katika vyumba wanavyoviita geto, ambako rafiki wa kwanza huwa ni yule anayechangia naye kodi na kununua naye mkaa kwa zamu hadi bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka kwenye mkopo, litakapoingia.