Doa au Nyota?

Bamba la kioo la inchi 8 kwa 10, lililopigiwa picha ya anga la usiku, humchanganya asiyelizoea. Ni negativu: anga ni jeupe, nyota ni vitone vyeusi maelfu kwa maelfu. Humo humo mna vitone vingine ambavyo si nyota hata kidogo. Huenda ni chembe ya vumbi iliyogandia kwenye utando wa dawa ulipokuwa haujakauka, mkwaruzo wa ukucha, au doa la kemikali lililojitokeza miaka mingi baada ya bamba kusafishwa. Kwa macho matupu, doa na nyota hufanana kama pacha.

Waliopanga ramani kubwa ya anga mjini Paris mwaka 1887, iliyoitwa Carte du Ciel, walilijua tatizo hilo tangu mwanzo. Dawa yao ilikuwa rahisi na ya kupendeza. Mabamba mengi ya ramani hiyo yalipigwa mara tatu, darubini ikisogezwa kidogo sana kati ya pigo moja na jingine. Hivyo kila nyota iliacha vitone vitatu vilivyopangika kama pembetatu ndogo, na vumbi haliwezi kujipanga hivyo. Juu ya hapo, mistari ya miraba ilichapwa kwenye utando kabla ya kazi, ili utando ukijikunja au kuvutika wakati wa kusafishwa, mistari iliyopinda iseme. Vituo vya Algiers na Cape, Afrika Kusini, vilikuwamo kwenye kazi hiyo. Gharama yake ilikuwa kubwa mno: muda mrefu kwa bamba moja tu, tena kwenye anga lenye nyota nyingi pembetatu ziliingiliana. Ramani haikukamilika.

Chuo cha Harvard, Marekani, kilishika njia nyingine: kupiga anga lile lile tena na tena, mwaka baada ya mwaka. Doa halijirudii mahali pale pale kwenye bamba la pili. Nyota hujirudia.

Kazi ya kuyasoma mabamba hayo walipewa wanawake. Williamina Fleming, Mskoti aliyeanza kama mtumishi wa nyumbani kwa Edward Pickering, mkurugenzi wa kituo cha falaki cha Harvard, alikuwa akichunguza bamba lililopigwa Februari 1888 alipoona, kusini kidogo mwa nyota moja ya mkanda wa Orioni, pengo la nusu duara kwenye ukungu uliong'aa. Mwenye pupa angesema utando umebanduka, akapita. Fleming aliliandika kama kitu cha angani, akakipima. Leo kinaitwa Nebula ya Kichwa cha Farasi, na ni miongoni mwa picha zinazopendwa kuliko zote katika falaki. Orodha ya nebula iliyochapishwa baadaye ilimtaja Pickering, jina la Fleming halimo. Jambo hilo bado linauma.

Mwenzake Henrietta Leavitt alitafuta nyota zinazobadilika mwangaza kwa kulaza negativu ya usiku mmoja juu ya picha chanya ya usiku mwingine. Nyota isiyobadilika ilijifuta yenyewe, inayobadilika ikabaki na kivuli. Ila doa nalo huacha kivuli! Ndiyo maana ilibidi kufungua bamba la tatu, la nne, la kumi. Alipokuwa na hakika, alichukua wino akaweka alama nyuma ya kioo, upande usio na utando. Kwa uvumilivu huo aliweza, mwaka 1912, kuonyesha kwa nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, zilizopigwa picha huko Arequipa, Peru, kwamba inayochukua muda mrefu kubadilika ndiyo yenye mwanga mwingi zaidi. Kanuni hiyo ikawapa wanafalaki kipimo cha umbali kati ya galaksi.

Karne moja baadaye, skana maalumu ilipojengwa Harvard, wino ule ule ukageuka kasoro. Mashine haimjui Leavitt. Inachoona ni mstari mweusi uliofunika nyota. Basi kila bamba lilipigwa picha likiwa na maandishi yake, kisha wino wake ukafutwa, isipokuwa kwa mabamba machache yaliyohesabiwa kuwa na thamani kubwa ya kihistoria. Uamuzi ulikuwa mgumu, na waliohuzunika walikuwa na haki ya kuhuzunika.

Januari 2016 bomba lilipasuka, maji yakaingia ghalani mwa Harvard, na mabamba yapatayo 61,000 yakaloa. Yaligandishwa kwa baridi yasiote ukungu, kisha yakasafishwa moja moja. Kazi ya kuskani iliendelea mpaka zaidi ya mabamba 400,000 yakaingia kwenye kompyuta.

Programu inayoyasoma sasa inauliza swali la Fleming: doa au kitu cha angani? Kitone kikionekana kwenye bamba moja tu, hushukiwa. Kisha hutazamwa kingo zake: mwanga wa nyota umepita hewani na kwenye lenzi, kwa hiyo kitone chake hufifia taratibu pembeni, ilhali chembe ya vumbi hukatika ghafla. Na kando ya skani safi iko picha iliyopigwa kabla ya kufuta, yenye mishale, herufi na namba za wino, zikizunguka vitone ambavyo mtu fulani alivikagua mpaka akaridhika kuwa si vumbi.