Kabla ya kununua hisa za joto, uliza moto watoka wapi

Miaka kadhaa nyuma, tukiwa barazani baada ya Isha, bwana mmoja alituletea habari ya jenereta. Alisema ukishaiwasha inatoa umeme, kisha umeme ule ule unairudia kuiendesha, bila petroli wala jua, na unaobaki unawauzia majirani. Chama chetu kilikuwa kimeweka akiba ya karo za watoto. Mimi nina diploma ya mitambo, nilijua jambo lile haliwezekani. Lakini aliyemleta bwana yule alikuwa ami yangu, nikaona haya kumpinga mbele ya watu. Pesa zikaenda, jenereta haikuja. Makala haya ni deni langu kwa wenzangu wale, na kwa yeyote anayetaka kuweka pesa katika biashara ya joto, umeme au barafu.

Kanuni mbili za kubeba mfukoni

Elimu ya joto, ambayo wataalamu huiita themodinamiki, ina kanuni mbili zinazomfaa mwekezaji. Ya kwanza: hakuna mtambo unaozusha nishati, huibadilisha umbo tu. Hautoi zaidi ya ulicholishwa. Ya pili: joto huenda lenyewe penye baridi, kama chai inavyopoa mezani, na hakuna injini inayoweza kugeuza joto lote kuwa kazi. Mfaransa Sadi Carnot alilieleza hili mwaka 1824 alipochunguza injini za mvuke. Chukua mvuke wa nyuzi 150 unaopoozwa hadi nyuzi 30. Hata mtambo usio na kasoro hauwezi kugeuza zaidi ya asilimia 28 ya joto lake kuwa kazi. Linalobaki hutupwa.

Basi kila kampuni ya joto iulize maswali matatu: joto latoka wapi, linalobaki laenda wapi, na nani analipia?

Mvuke wa Olkaria

KenGen, iliyo katika Soko la Hisa la Nairobi, imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke Olkaria, karibu na Naivasha, tangu 1981. Hapo hakuna mafuta ya kununua, moto uko ardhini. Gharama kubwa ni ya mwanzo: kuchimba visima vya kilomita mbili hadi tatu na kufunga mitambo. Joto likipotea si hasara kubwa sana, maana hukulinunua kwa debe.

Lakini mtambo mzuri na hisa nzuri ni mambo mawili. Mwaka 2006 serikali iliuza asilimia 30 ya kampuni hiyo kwa wananchi, hisa moja shilingi 11.90. Wengi wetu hapa Pwani tulipanga foleni. Mwaka 2016 kampuni iliuza hisa mpya kwa shilingi 6.55, na mwisho wa 2023 hisa ilikuwa sokoni kwa shilingi 2 hivi. Baadaye ilipanda tena, lakini aliyelazimika kuuza wakati ule alipata hasara. Mvuke haukupoa muda wote huo. Kilichobadilika ni bei ambayo watu walikuwa tayari kulipa, na wingi wa hisa.

Injini za Kipevu

Hapa kwetu Mombasa, injini za Kipevu huunguza mafuta mazito. Joto hili hununuliwa, tena kwa dola. Nani analipia? Tazama risiti yako ya tokeni, utaona gharama ya mafuta. Ni mimi na wewe. Mwekezaji anayeona kampuni haijali bei ya mafuta ajue inalindwa na mkataba, na mkataba una mwisho. Mtambo wa Tsavo Power, pale pale Kipevu, ulifungwa mwaka 2021 mkataba wake wa miaka 20 ulipokwisha. Kwa hivyo uliza umebaki miaka mingapi.

Barafu ya wavuvi

Vyama vingi vyetu havinunui hisa, vinataka mashine ya barafu. Kumbuka baridi haitengenezwi, joto ndilo linaloondolewa. Kugeuza tani moja ya maji ya nyuzi 28 kuwa barafu ni kuondoa joto la yuniti 125 hivi. Mashine nzuri hutumia umeme pungufu ya hapo, kwa kuwa inalihamisha joto tu, hailizalishi. Lakini nje kukizidi kuwa moto, kazi inakuwa nzito. Hesabu bili ya umeme kwa miezi ya kaskazi, usihesabu ya Julai. Na anayekwambia mashine yake haili umeme, muulize inakula nini: gesi, jua, au pesa zako?

Halali na deni

Kuuza umeme ni biashara halali. Penye mas-ala ni mikopo ya riba, maana mitambo mikubwa hujengwa kwa deni kubwa. AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, imeweka mpaka: mikopo ya riba isifike asilimia 30 ya thamani ya hisa zote za kampuni sokoni. Hesabu za mwaka za kampuni hizi hutangazwa. Gawanya deni kwa thamani hiyo, kisha mwendee sheikh wako na hesabu mkononi. Usiende na uvumi.

Chama chetu bado kipo, ingawa wawili walijitoa na mmoja hadi leo hanisalimii vizuri. Ana haki. Sasa tuna sharti moja: mradi wowote wa mitambo hautolewi hata shilingi mpaka yale maswali matatu yajibiwe kwa maandishi. Na mimi nimejifunza kusema, kwa adabu, hata ami akiwa amekaa mbele yangu: "Samahani ami, moto huu watoka wapi?"