Boriti za Ghuba na Haki ya Jirani

Ukiingia katika nyumba kongwe ya mawe, iwe Lamu, iwe Mombasa, iwe Unguja, inua macho utazame dari. Utaona boriti za mikoko zimelala safu safu, na juu yake mawe na chokaa. Kisha pima upana wa chumba. Mara nyingi hauzidi mita 3. Si kwamba wazee wetu walipenda vyumba vyembamba; ni boriti iliyowapimia. Mkoko ulioweza kubeba dari ya mawe haukuvuka sana urefu huo, na fundi akajenga kwa kadiri ya alichokipata.

Ng'ambo ya bahari nako vyumba vilikuwa hivyo hivyo. Kuwait, Bahrain, Dubai na Basra ni nchi zisizo na miti ya kujengea, na dari zao zilibebwa na miti yetu, ambayo wao waliiita chandal. Biashara hiyo ni ya zamani mno. Katika karne ya 10 mwanajiografia Al-Istakhri aliandika kuwa nyumba za Siraf, bandari kubwa ya Uajemi wakati ule, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyotoka nchi ya Zanj, yaani huku kwetu. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakileta tende na chumvi, na yakirudi na kusi yalibeba boriti. Miti ilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Watu wenye majina mengi hivyo kwa mti mmoja hawakuwa wakikata ovyo. Aliyetaka pau aliiacha boriti ikue.

Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 hadi 1939, akaona mabaharia wakiingia katika tope la Rufiji kutafuta shehena ya boriti. Kazi ilikuwa ya mateso, kwa mbu na joto na maji ya kupwa na kujaa. Hata hivyo wakati huo mikoko ilikuwa imekwisha badilika umiliki. Wajerumani waliitenga mikoko ya Rufiji kuwa msitu wa serikali mwaka 1898, na magome yake yakapelekwa Ulaya kutengeneza ngozi. Waingereza nao waliitangaza mikoko ya Kenya kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kwenye karatasi mikoko ilipata mlinzi. Lakini jirani wa mikoko aliambiwa kwamba kile alichokitumia baba na babu yake si chake, na mtu akishaambiwa hivyo huondoa mkono wake katika kukitunza. Nadhani msomaji amewahi kusikia maneno haya kwa sikio lake: mali ya serikali si mali ya mtu.

Gazi, kijiji cha kusini ya Mombasa katika Kwale, ni mfano wa yaliyofuata. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilikatwa kwa wingi ikawa kuni za matanuri ya chokaa na matofali. Si fito mbili za kuezekea banda. Palikatwa pakawa peupe. Kilichowashangaza watu ni kwamba baadhi ya sehemu hizo hazikuota tena. Ilipita miaka kama ishirini, na tope likabaki tupu. Penye mizizi ya mikoko ndipo kamba na samaki wachanga wanapojificha mpaka wakue, na penye mikoko ndipo wimbi linapovunjika kabla ya kufika nchi kavu. Hayo yote yaliondoka pamoja na kuni.

Kuna hadithi ya Bwana Mtume (S.A.W.), aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir (R.A.), ambayo tumeisikia mara nyingi misikitini. Inawahusu watu waliopiga kura katika jahazi, wengine wakapata tabaka ya juu na wengine ya chini. Wa chini walikuwa wakitaka maji hupita kwa wa juu. Wakaona kwamba wanawaudhi wenzao, basi afadhali watoboe upande wao wajipatie maji pale pale. Mtume akaeleza kwamba wakiachwa wafanye watakalo wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote.

Masheikh hutufundisha hapa wajibu wa kukatazana mabaya, na ni kweli. Lakini tazameni jambo moja ambalo hupitwa haraka: wale wa chini hawakuwa wabaya. Walikuwa na kiu. Haja yao ilikuwa halali na nia yao ilikuwa kuwapunguzia wenzao udhia. Mwenye kuwazuia wasitoboe, kisha akafunga na ngazi ya kupandia, amewaacha na kiu ile ile, na usiku watatoboa asipoona.

Ndivyo zilivyokuwa amri nyingi juu ya mikoko. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nje ya nchi, na Lamu ikapoteza soko lake la karne nyingi. Mwaka 2018 ikaja amri ya kusimamisha ukataji wa miti katika misitu yote ya umma, na wakataji mikoko wa Lamu, ambao hawana shamba wala ofisi, wakabaki mikono mitupu mpaka ilipolegezwa kwao baadaye. Sisemi kwamba amri hizo hazikuwa na sababu. Nasema tu kwamba ngazi haikutazamwa.

Huko Gazi ngazi ilitafutwa, ingawa ilichukua muda. Kuanzia mwaka 1991 wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, akiwamo Dakta James Kairo, walianza kupanda mikoko pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 ukazinduliwa mradi wa Mikoko Pamoja, wa Gazi na jirani yake Makongeni. Wanakijiji walikubaliana kulinda hekta 117 za mikoko. Pembeni walipanda mivinje ili mwenye haja ya kuni na miti ya kujengea asilazimike kwenda baharini. Hiyo ndiyo ngazi yenyewe. Mwenye kiu alipewa pa kupitia, ndipo akaambiwa asitoboe. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wa kwao wa hekta 460.

Fedha zinatoka wapi? Hapa ndipo jambo la kijiji linapokuwa jambo la dunia. Mkoko huvuta hewa ukaa, ile isiyoonekana itokayo katika moshi wa mafuta na makaa ya mawe, na kuifungia katika shina na zaidi katika tope chini yake. Hekta moja ya mikoko huweza kuhifadhi mara kadhaa ya ile ya msitu wa bara. Hewa hiyo ikizidi angani, joto huzidi, na bahari hupanda. Gazi ilikadiriwa kuhifadhi tani 3,000 hivi kwa mwaka. Watu na makampuni ya nchi za mbali hununua hesabu ya tani hizo ili kufidia moshi wao, na fedha zake zimeleta maji ya bomba, zimetengeneza madarasa na kununua vitabu. Kijiji ndicho kinachoamua zitumike wapi.

Sasa kumbukeni ile biashara ya boriti. Kuwait ilianza kusafirisha mafuta yake mwaka 1946. Utajiri wa mafuta ulileta chuma na saruji, na vyumba vya Ghuba havikuwa na haja tena ya kuwa vyembamba. Soko la boriti lilikuwa linazimika lenyewe hata kabla ya marufuku ya 1982. Kwa hiyo mafuta yaliupumzisha mkoko na shoka, na moshi wa mafuta hayo, uliochomwa zaidi Ulaya, Marekani na baadaye Asia, ndio unaoipandisha bahari mpaka kwenye mizizi yake. Katika jahazi letu la leo walio tabaka ya juu ndio walioshika keekee, wala si kwa kiu.

Ndipo swali la fidia linapokuja. Katika sheria yetu mzee asiyeweza kufunga Ramadhani, na mgonjwa asiyetarajiwa kupona, hulisha maskini kwa kila siku aliyokula. Ni rehema kwao. Lakini hakuna mwanachuoni anayempa ruhusa kijana mzima, mwenye afya, ale mchana kwa kuwa anazo pesa za kulisha maskini mwezi mzima. Maskini atashiba, na ni vizuri ashibe, lakini saumu ya kijana bado iko shingoni mwake. Mimi nawaona wanunuzi wa tani za Gazi katika mizani hiyo. Dunia hutoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa ukaa kila mwaka kutokana na mafuta, makaa ya mawe na gesi. Mbele ya hesabu hiyo tani 3,000 ni tone. Kijiji kipewe haki yake na kiipokee bila ya haya, kwa sababu kimefanya kazi. Lakini anayenunua ajiulize kama yeye ni mgonjwa kweli, au ni mzima asiyetaka kufunga.

Na swali hili haliwahusu Wazungu peke yao. Agosti 2015, miezi michache kabla ya mkataba wa Paris, wanavyuoni na wataalamu wa Kiislamu walikutana Istanbul wakatoa tamko juu ya mabadiliko ya hali ya hewa. Hawakuwaficha ndugu zao. Walizitaja nchi tajiri pamoja na nchi zenye kuchimba mafuta, wakazitaka zitangulie kuacha moshi huo mapema iwezekanavyo, na zisipite katikati ya karne hii. Nyingi ya nchi hizo za mafuta ndizo zilizolala chini ya dari za boriti zetu kwa miaka mingi, nasi tukala tende zao. Ni majirani zetu wa bahari moja, na jirani ana haki ya kuambiwa.

Muda waliouweka ni mwaka 2050. Mikoko ya kwanza iliyopandwa Gazi mwaka 1991 itakuwa na umri wa miaka 59.