Historia na Nesi, Sehemu ya 6: Tajiri wa Sukari na Mimba za Watumwa

Leo twende Denmark, miaka ya 1700. Usipite haraka, hii inatuhusu sisi wenye watoto.

Heinrich Carl Schimmelmann alizaliwa Ujerumani mwaka 1724. Alikuwa mfanyabiashara hasa. Vita vya Miaka Saba vilipopiganwa, yeye aliliuzia jeshi la Prussia nafaka, akatajirika. Mwaka 1761 akaingia kwenye utumishi wa mfalme wa Denmark, na baadaye akawa msimamizi wa hazina. Biashara hakuacha. Mwaka 1763 alinunua mashamba ya miwa ya mfalme kwenye kisiwa cha St. Croix, kule Karibi.

Sasa fuata mzunguko wenyewe. Bunduki na vitambaa vinakwenda pwani ya Ghana ya leo. Huko wananunuliwa watu, wanavushwa bahari. Sukari inarudi Copenhagen, kwenye kiwanda chake. Ndivyo alivyokuja kumiliki watumwa wapatao 1,000, huku akishika fedha za nchi!

Alifariki mwaka 1782. Mwanawe Ernst akarithi mali, naye akawa waziri wa fedha. Tarehe 16 Machi 1792 ikatoka amri ambayo Denmark inasifiwa nayo mpaka leo: kuanzia 1803, marufuku kusafirisha watumwa.

Lakini jiulize, kwa nini wasubiri miaka kumi? Kwa sababu visiwani vifo vilizidi vizazi. Kwa hiyo serikali iliwakopesha wenye mashamba wanunue watu zaidi, ikahimiza waletwe wanawake wengi, ili watumwa wazaliwe palepale. Yaani tumbo la mama liliingizwa kwenye hesabu za hazina.

Mimi ni nesi, nawaambia hesabu hiyo ilikuwa na kasoro kubwa. Mjamzito anahitaji chakula na kupumzika. Ukimkatisha miwa juani kutwa nzima, unategemea mtoto atoke na afya gani? Na akizaliwa salama, si wa mama yake. Ni mali ya mwenye shamba.

Mwaka 1847 mfalme Christian wa Nane akaamuru watoto watakaozaliwa kuanzia hapo wawe huru, ila wazazi wao wasubiri miaka 12. Hebu fikiria: unanyonyesha mtoto huru, wewe mwenyewe bado mtumwa.

Hawakusubiri. Tarehe 3 Julai 1848 maelfu walifurika mji wa Frederiksted, St. Croix, wakidai uhuru wao. Siku hiyohiyo gavana Peter von Scholten akatangaza kwamba wote wako huru.

Kwa hiyo ukisikia Denmark ilitangulia kukataza biashara ya watumwa, ni kweli. Ila uhuru wenyewe waliudai wao, kina mama wakiwemo.

Wewe ungeweza kusubiri miaka 12? Niandikie hapo chini. Na kama una mjamzito nyumbani, leo mpokee ndoo ya maji.