Nyuma ya Shahada: Maisha ya Wanafunzi wa Kenya Nchini Marekani baada ya 1959

Mnamo Septemba 1959, ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Tom Mboya iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokwenda kusoma Marekani. Historia ya safari hizo kwa kawaida hupimwa kwa shahada na vyeo vilivyofuata. Kipimo hicho huficha maisha ya kila siku. Ufadhili mara nyingi haukutosheleza mahitaji yote. Hivyo wengi walifanya vibarua baada ya vipindi na wakati wa likizo. Jamaa na majirani waliochanga nyumbani nao walisubiri matokeo, na mchango wao ulikuwa deni lisiloandikwa.

Wangari Maathai, aliyeondoka mwaka 1960 kwenda chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, anasimulia katika kumbukumbu zake kuwa njiani, jimboni Indiana, yeye na wenzake walikataliwa kuketi mkahawani kwa sababu ya rangi yao. Chuoni, watawa walimpokea kwa ukarimu. Nchi ile ile, basi, iliwafungulia darasa na kuwafungia mlango. Vijana waliolelewa chini ya ukoloni walitambua huko kwamba ubaguzi haukuwa wa Mwingereza peke yake, na fundisho hilo halikuandikwa katika cheti chochote.