Joto salama kwa karakana ndogo ya mbao: mwongozo kwa mafundi wa Mbale na Jinja

FUNDI seremala wa Nabuyonga hahitaji sana joto kwa ajili ya mwili wake. Mji wa Mbale upo mita zipatazo 1,150 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya usiku haifikii ile ya Kapchorwa, wala ya Eldoret ng'ambo ya mpaka. Vinavyohitaji joto ni mbao, gundi na vanishi. Hapo ndipo ununuzi unapokwenda kombo: mtu ananunua hita iliyotengenezwa kwa ajili ya sebule, anaiweka katikati ya maranda na makopo ya thina, na mbao zake bado hazikauki.

Suala hili lina uzito wa kibiashara kwa yeyote anayeuza mbao au samani kupitia Malaba, Busia au Lwakhakha. Kenya iliposimamisha ukataji miti katika misitu yake ya umma Februari 2018, wanunuzi wengi waligeukia mbao za nchi jirani, na hata baada ya serikali kutangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023, mnunuzi wa Nairobi ameshazoea kupima unyevu kabla ya kulipa. Chukua ubao wa mkaratusi wenye upana wa sentimita 20. Ukiundiwa meza ukiwa na unyevu wa asilimia 20, kisha ukakauka hadi asilimia 10 ndani ya nyumba ya mteja, unaweza kusinyaa kwa takriban milimita 5. Hiyo inatosha kufungua viungio na kupasua uso wa meza. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 unapunguza makaratasi mpakani, lakini haumlipi fundi hasara ya mlango uliopinda.

Hesabu kabla ya kununua

Mita moja ya ujazo ya mbao ambayo ikikauka kabisa ina uzito wa kilo 500 hubeba kilo 150 za maji ikiwa na unyevu wa asilimia 30. Ili ifike asilimia 12, ni lazima kilo 90 za maji ziondoke. Kila kilo ya maji hudai takriban theluthi mbili za uniti ya umeme ili igeuke mvuke, yaani uniti 60 hata kama hakuna joto linalopotea. Katika chumba cha matofali chenye paa la bati na mianya ya madirisha, joto hupotea sana, na ni busara kukadiria mara mbili au tatu ya hapo. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako ya UEDCL, kampuni iliyopokea usambazaji wa umeme kutoka Umeme Aprili 2025, kisha linganisha na faida yako kwa mita hiyo ya ujazo. Wengi watagundua kuwa hita ya umeme si chombo cha kukaushia mbao.

Mkaa unaonekana nafuu zaidi, na sigiri ipo tayari jikoni. Hata hivyo, sigiri ndani ya karakana iliyofungwa ni hatari maradufu. Kwanza, mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlaza mtu kabla hajashtuka. Pili ni cheche. Thina ya vanishi ya kupuliza huwa na vimiminika kama toluini na asetoni, ambavyo mvuke wake hushika moto hata katika joto la kawaida la Mbale. Toluini inahitaji nyuzi 4 tu za Selsiasi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni mpaka ulipo moto, hata kama kopo liko upande wa pili wa chumba. Jiko la maranda, ambalo mafundi wengi hulipenda kwa kuwa kuni zake ni za bure, lina ubaya huo huo na moshi juu yake. Likae nje.

Hita ya gesi ina kasoro moja ambayo muuzaji hataitaja. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Bila njia ya kutoa hewa, fundi analipia gesi ili arudishe maji kwenye chumba anachotaka kikauke.

Kwa mbao, tumia jua

Jibu la bei ndogo ni kibanda cha jua nje ya karakana: fremu ya mbao, karatasi ya plastiki ya bustani au kioo upande unaopata jua, bati lililopakwa rangi nyeusi ndani, na matundu mawili, la chini la kuingiza hewa na la juu la kuitoa. Feni ndogo husaidia sana, kwani joto lisilo na mwendo wa hewa hupika mbao bila kuzikausha. Hewa ya nyuzi 22 yenye unyevunyevu wa asilimia 75 ikipashwa hadi nyuzi 40, unyevunyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 27. Jinja, kwa kuwa imekaa kati ya Ziwa Victoria na Mto Naili, hewa yake ina maji mengi, hivyo fundi wa huko atafaidika na kibanda hiki kuliko yule anayeacha mbao chini ya kivuli.

Panga mbao kwa vijiti vya unene ulio sawa, vikae wima kimoja juu ya kingine, na weka uzito juu. Mkaratusi ukikaushwa kwa pupa hupasuka na kujikunja, kwa hiyo wiki za mwanzo funika sehemu ya matundu. Usiamini macho, nunua kipima unyevu.

Ndani ya karakana ndipo hita ya umeme ina nafasi yake, hasa asubuhi za mvua, gundi nyeupe inapochelewa kushika. Kataa yenye nyaya nyekundu zilizo wazi. Ya feni nayo hupuliza vumbi la mbao na kulivuta hadi kwenye nyaya zake za moto. Inayofaa ni ile ya mafuta yaliyofungwa ndani, yenye kidhibiti joto na swichi ya kujizima ikianguka. Iwe mita moja kutoka kwenye mbao, ifutwe vumbi kila siku, na izimwe kabla ya kufungua kopo la thina. Vanishi ipakwe mahali pengine kabisa.

Tazama alama ya UNBS, au ya KEBS kama umenunua Kenya; plagi na volti 240 ni zile zile pande zote mbili. Jihadhari na hita ya Marekani ya volti 120: ikipata volti 240 huvuta nguvu mara nne. Hita ya wati 2,000 huvuta ampea 8 hivi, kwa hiyo iwe na soketi yake, si waya wa kuongezea uliokunjwa chini ya maranda. Soketi iwekwe na fundi umeme mwenye kibali cha Mamlaka ya Kusimamia Umeme, na iwe juu ukutani. Mto Nabuyonga na Mto Namatala vilipofurika Julai 30 na 31, 2022, watu zaidi ya 20 walikufa na maji yaliingia majumbani. Mrundo wa mbao pia unyanyuliwe juu ya matofali.

Kwa wanaotengeneza pale za kusafirishia mizigo nje, kibanda cha jua hakitoshi. Kanuni ya kimataifa ya ISPM 15 inataka kiini cha mbao kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, na muhuri wake hutolewa kwa aliyeidhinishwa tu.