Boga la Nazi na Sukari ya Pangani
Kwetu Tanga, futari ya Ramadhani haijakamilika kama hakuna kitu kitamu cha nazi: boga, viazi vitamu, muhogo au ndizi mbivu. Husikia watu wakikisifu kuwa chakula cha asili cha pwani. Nakipenda kuliko wengi wao, lakini asili hiyo ina umri, na si mkubwa kama wanavyodhani.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Mogadishu walimkirimu wali wa samli, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kwa hiyo desturi ya kulainisha ndizi ndani ya kitu cheupe na kuzipakua kando ya wali ni kongwe kweli. Ila boga hakulitaja, wala kiazi kitamu, wala muhogo, na asingeweza. Vyote vitatu ni mazao ya Amerika, vikaja huku baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari hizi. Nazi na ndizi ni za Asia, za siku nyingi zaidi. Iliki nayo asili yake ni misitu ya kusini mwa India, japo leo tunaletewa kutoka Amani, milimani hapo juu.

Muwa ulikuwepo. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mwaka 1498, mfalme alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Lakini muwa wa kutafuna haupiki boga. Panatakiwa sukari, na sukari ya kwetu ina habari nzito.

Katika karne ya 19 kingo za Mto Pangani zilijaa mashamba ya miwa, mengi ya Waarabu. Vinu vilikamua, maji ya miwa yakachemshwa kwenye masufuria makubwa mpaka yakaganda kuwa sukari guru. Waliokata, waliokamua na waliokesha motoni walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa papo hapo. Shuleni tulifundishwa vita vyake kwa kirefu. Shamba lake, na waliolilima, hatukuambiwa neno.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani, na boga lake alilipika kwa sukari guru. Alilikata vipande vikubwa na ganda lake, akalipanga ganda chini ili lisivurugike. Nazi ikikunwa kwenye mbuzi, alikamua tui la kwanza akaliweka kando, kisha boga likachemkia tui la pili na chumvi kidogo tu. Kisu kikipenya bila kusukumwa, ndipo alipotia tui zito, sukari guru aliyoiponda kwa mchi, na iliki iliyotwangwa muda huo huo. Mwiko hakuutia. Alishika sufuria kwa kitambaa akaitikisa, akachota tui kwa upawa na kulimwagia juu, moto mdogo, bila kufunika, hadi tui likapungua, likaanza kutoa mafuta na kukishika kila kipande, kikang'aa rangi ya kahawia.

Siku hizi sukari yetu ni ya viwanda kama Kilombero na kile cha Moshi, na boga hutoka limepauka, tamu tupu. Wapishi wengine hufidia kwa vanila. Mimi hapo siwafuati: vanila inaua harufu ya nazi, na sukari ya kiwandani haina ule uchungu mdogo wa sukari guru unaokufanya uongeze kipande cha pili. Sukari guru bado inauzwa sokoni. Ramadhani ijayo pikeni masufuria mawili, moja kwa kila sukari, muwape wazee waonje bila kuwaambia ipi ni ipi.